Bwati Otomatiki Imekufa? Soma Hapa Kabla Hujaifungua Nyumbani

Gari limekataa kwenda mbele. Injini inanguruma, sindano ya mizunguko inapanda, tairi hazisogei, na fundi wa jirani ameshatoa hukumu: bwati, yaani giaboksi, imekufa. Anakupa njia mbili. Ulete giaboksi nyingine kutoka Lubumbashi, au umpe kazi aifungue hapo hapo kwenye parseli yako, chini ya mwembe. Nawe una spana, una nguvu, na una shemeji aliyewahi kuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya migodi ya Gécamines. Mbona msiifungue wenyewe?

Jibu langu: mara nyingi msiifungue. Si kwamba hamwezi. Ni kwamba bwati nyingi zinazohukumiwa kifo huku Likasi hazijafa, na zile zilizokufa kweli, nyingi ni nafuu kuzibadilisha kuliko kuzifufua. Kufungua ni njia ya mwisho, nayo ina masharti yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza uchunguzi, kisha uamuzi, kisha kazi yenyewe kwa atakayekuwa bado anaitaka.

Kwa nini bwati hufa huku kwetu

Giaboksi ya kawaida inategemea meno na klachi unayoikanyaga kwa mguu. Otomatiki inategemea mafuta. Pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta hadi kwenye valvu bodi. Valvu bodi, ikiamriwa na solenoidi za umeme, huyaelekeza kwenye pakiti za klachi, na klachi zikibana, gia inashika. Mafuta hayo hayo hulainisha, hupoza, na ndiyo yanayopitisha nguvu ndani ya konveta iliyo kati ya injini na bwati. Yakipungua, klachi huteleza, zikiteleza huungua, na masizi yake huziba valvu. Basi ukitafuta muuaji, anza na mafuta.

Muuaji wa kwanza ni joto. Toyota IST imeundwa kubeba watu 5 na mizigo yao midogo. Wewe unaipakia samaki kule Kapolowe hadi matako yake yanagusa barabara, halafu unaikimbiza Likasi sokoni kabla barafu haijayeyuka. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: mafuta ya bwati yakipita nyuzi 80, kila ongezeko la nyuzi 10 hukata umri wake kwa nusu. Mbaya kuliko mzigo ni matope. Masika gari likinasa kwenye njia za kando ya ziwa Tshangalele, dereva huanza kulisukasuka: D, R, D, R, huku amekanyaga mafuta. Dakika chache za mchezo huo zinaweza kuunguza klachi ambazo zingedumu miaka. Shuka, uchimbe, uweke mawe na matawi chini ya tairi.

Wa pili ni maji. Juu ya bwati kuna tundu dogo la kupumulia. Ukivuka maji yaliyofika hapo, yataingia. Tena katika magari mengi mafuta ya bwati hupozwa ndani ya rejeta, na mrija wake ukitoboka, maji ya rejeta na mafuta vinachanganyika. Dalili yake haifichiki: mafuta yanageuka kama maziwa ya rangi ya waridi. Sahani za klachi zina utando wa msuguano uliogandishwa kwa gundi, na maji huilegeza gundi hiyo. Kumwaga mafuta na kutia mengine kunaweza kukusogeza wiki kadhaa, kisha utando unabanduka.

Wa tatu ni mafuta yasiyo yake. Rangi nyekundu haithibitishi kitu. Ni rangi iliyotiwa kiwandani, na yeyote mwenye bidoni anaweza kukuuzia kitu chekundu. Toyota za zamani kidogo hutaka Type T-IV, za baadaye hutaka WS, Nissan zenye CVT hutaka NS-2 au NS-3. Ukitia mafuta ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT, umeanza kuiua siku hiyo hiyo.

> ONYO: KUVUTA GARI
> Pampu ya bwati inazungushwa na injini, si na tairi. Gari likivutwa kwa kamba huku tairi zake za kuendesha zinagusa chini, ndani ya bwati vyuma vinazunguka bila kulainishwa. Lipakie juu ya lori au uzinyanyue tairi hizo. Na otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Vijana wa mtaa watachoka bure.

Magonjwa yanayojifanya kifo cha bwati

Fanya hatua hizi kwa mpangilio huu. Hakuna hata moja inayohitaji kushusha bwati.

1. Pima mafuta. Egesha mahali tambarare, endesha hadi gari lipate moto, uache injini inawaka, upitishe mkono wa gia kila nafasi kisha urudi P. Ndipo uchomoe kijiti. Kwenye Toyota, alama ya HOT ni ya mafuta yenye nyuzi 70 hadi 80. Mafuta yakiwa chini ya alama, umeshapata mshukiwa. Tafuta yanakovuja kabla ya kuongeza.

2. Tazama taa ya O/D OFF. Ikimetameta yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa. Soma kwa mashine. Huna? Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, kuunganisha kwa waya pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kisha kuwasha swichi bila kuwasha injini, hufanya taa itoe namba kwa kumetameta. Hesabu pini mara mbili, maana ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

3. Kagua betri, waya za masi na soketi zinazoingia kwenye bwati. Solenoidi hazifanyi kazi vizuri kwa umeme dhaifu. Panya nao hutafuna nyaya, hasa gari likilala muda mrefu.

4. Angalia kebo ya mkono wa gia. Ikichomoka au ikilegea, dashibodi inaonyesha D na bwati yenyewe iko N. Nimeona watu wakipiga bei ya bwati nzima kwa ugonjwa wa kebo.

5. Inua tairi za mbele juu ya stendi, weka kabari tairi za nyuma, mtu awashe na kutia D huku wewe ukitazama kwa mbali. Shafti ikizunguka na tairi yake haizunguki, kilichokatika ni shafti au kiungo chake. Bwati haina kosa.

6. Ukitia R na gari likapiga kishindo, tazama mipira inayoshikilia injini. Ikichanika, injini nzima inaruka na kila mtu anailaumu bwati.

7. Hakikisha injini yenyewe ni nzima. Plagi au koili mbovu hufanya gari litetemeke na kukosa nguvu kwa namna inayofanana sana na gia inayoteleza.

Fungua karta kwanza

Ukifika hapa bila jibu, mwaga mafuta na ufungue karta, ile wengine wanayoiita sampo. Hakuna kipimo cha bei rahisi kinachosema ukweli kama hiki. Kumbuka kwamba mafuta yakitoka moto yanachoma, yaache yapoe. Yakusanye kwenye bidoni yenye alama za lita ili ujue kiasi kilichotoka.

Ndani ya karta utakuta sumaku ndogo. Ikiwa na tope laini la kijivu, jembamba, hiyo ni kawaida ya uzee. Mafuta ya kahawia yanayonuka kuungua, na chembe nyeusi chini, maana yake klachi zimeungua. Vipande vinavyong'aa, au vya rangi ya shaba nyekundu au njano, vinatoka kwenye bushi, beringi au pampu. Hapo ugonjwa ni wa vyuma na hautibiwi kwa mafuta. Maziwa ya waridi tumeshayazungumza.

Mafuta yakiwa yamezeeka tu, badilisha chujio (au ulioshe kama ni la waya), safisha sumaku, funga karta kwa gasketi mpya, na urudishe kiasi kile kile kilichotoka. Kwenye bwati ndogo ya U340E, ile ya IST ya kwanza na ndugu zake wengi, kumwaga kwa boliti hutoa takriban lita 3 tu, kwa kuwa mengine yamebaki ndani ya konveta. Endesha siku kadhaa, urudie, urudie tena. Usiipeleke kwa mashine ya kusukuma mafuta kwa shinikizo. Uchafu uliokuwa umetulia utaingia kwenye valvu.

Kuna imani iliyoenea kwamba mafuta mapya huua bwati kuukuu. Mimi siiamini. Mtu hubadilisha mafuta bwati ikiwa tayari inateleza, klachi zimekwisha, inakufa wiki ile, na lawama inabebwa na mafuta.

Jua ulicho nacho

Soma kibandiko cha chuma ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Penye TRANS/AXLE pana msimbo. Kwenye Toyota, ukianza na U au A, kwa mfano U340E au A750F, hiyo ni otomatiki ya gia za hatua. Ukianza na K, ni CVT, isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. IST za kizazi cha pili nyingi, Ractis nyingi na Nissan X-Trail nyingi za T31 ziko kundi hilo.

CVT usiifungue nyumbani. Nasema hivyo bila masharti. Puli zake na mkanda wake havivumilii mkwaruzo wowote, na kuzitenganisha kunataka vifaa ambavyo gharaji nyingi hapa hazina. Bwati kubwa ya Prado, A750F, nayo ina gia 5, ni nzito, na imeshikana na giaboksi ya magurudumu manne, iachie wanaozijua. Zinazobaki kwa mtu wa nyumbani ni zile ndogo za gia 4.

Njia ya kati ambayo wengi wanairuka

Kati ya kubadilisha mafuta na kufungua kila kitu, kuna kazi mbili.

Ya kwanza ni solenoidi na valvu bodi. Kwenye bwati nyingi unazifikia kwa kufungua karta tu, bwati ikiwa bado garini. Kama kompyuta imetaja solenoidi, pima upinzani wake kwa mita, linganisha na kitabu cha gari, badilisha iliyokufa. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote, na uzipange boliti kwenye kadibodi kwa nafasi zake, kwani urefu unatofautiana. Valvu bodi yenyewe usiitenganishe vipande viwili bila picha na mahali safi: ndani kuna vigoli vidogo vya kuzuia mafuta, na kimoja kikikosa shimo lake, gia moja itapotea.

Ya pili ni kubadilisha bwati nzima kwa ya mtumba. Kwa gari dogo, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi. Bwati hizi hushuka bandarini Dar es Salaam na kupanda kwa barabara kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, na Lubumbashi iko kilomita 120 tu kutoka Likasi. Lakini nunua ukiwa macho:

- Msimbo ufanane na wako, herufi kwa herufi, na injini iwe ile ile. Ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne haiingii kwenye linaloendeshwa kwa mawili.
- Hesabu pini za soketi, ulinganishe na picha ya ya kwako.
- Itoke na konveta yake.
- Nusa mafuta. Omba karta ifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa boliti chache zifunguliwe, ondoka.
- Dhamana iandikwe kwenye karatasi: siku ngapi baada ya kufungwa, si baada ya kununuliwa.

Sasa linganisha. Jumlisha bei ya seti ya sili na gasketi, sahani za klachi, chujio, mafuta ya kujaza bwati nzima, na usafiri wa kuvifuata. Jumla hiyo ikizidi nusu ya bei ya bwati ya mtumba iliyokaguliwa hivyo, usifungue yako. Bado hujahesabu kinachoweza kugunduliwa kimevunjika ndani.

> ORODHA YA KUJIPIMA KABLA YA KUFUNGUA
> ☐ Bwati ni ya gia za hatua, si CVT
> ☐ Nina kitabu cha kiwanda cha msimbo huu hasa, chenye michoro na vipimo
> ☐ Vipuri vyote viko mkononi, havijaahidiwa kwa simu
> ☐ Nina spana ya kupimia nguvu ya kukaza, fila geji, na koleo za kutolea pete za kubana
> ☐ Nina kibano cha kukandamiza springi za klachi
> ☐ Nina chumba kinachofungwa mlango, chenye sakafu ya saruji
> ☐ Nina jeki ya giaboksi, au winchi, na watu wawili
> ☐ Naweza kukaa mwezi bila gari hili
>
> Ukikosa moja, simama hapo. Gari lako likiwa ndilo linalokulisha, sharti la mwisho peke yake linatosha kukukataza.

Ukiamua kufungua

Mwembe hautafaa. Vumbi jekundu la Katanga, hasa kati ya Mei na Septemba, ni adui wa valvu ambazo nafasi zake ni nyembamba kuliko unywele. Mwagia sakafu maji, ifagie, iache itulie kabla ya kufungua. Fanya kazi mchana. Umeme unaweza kukukatikia klachi zikiwa mkononi, hata kama unaishi jirani na bwawa la umeme la Mwadingusha, lililolizaa ziwa Tshangalele mwaka 1930.

1. Toa waya hasi wa betri. Weka gari juu ya stendi, na chini ya stendi mbao pana, kwa maana udongo wa parseli hudidimia. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika.

2. Mwaga mafuta, chomoa nyaya, kebo, shafti na mirija ya kupozea. Fungua boliti za konveta kupitia tundu la flaiwili. Bwati ikitoka, konveta itoke nayo. Usiruhusu bwati ining'inie kwenye ekseli ya konveta.

3. Osha bwati nje, kabla haijaingia chumbani.

4. Fungua kwa mpangilio wa kitabu. Kila kinachotoka, picha, kisha kiweke mezani kwa mstari ule ule na uso ule ule. Beringi bapa na washa zake zina upande wa juu na wa chini. Hapa ndipo wageni wengi hupotea.

5. Safisha kwa mafuta ya taa safi, kausha kwa upepo wa kompresa. Usitumie vitambaa vinavyoacha nyuzi.

6. Kagua pampu, ngoma za klachi na bushi. Sahani za chuma zilizogeuka buluu zimeungua. Ngoma yenye mfereji, au pampu yenye mikwaruzo, itakurudisha kwenye hesabu ya bwati ya mtumba, nawe usione haya kurudi huko.

7. Loweka sahani mpya za klachi kwenye mafuta mapya ya bwati, angalau saa 2. Zikifungwa kavu huungua mara ya kwanza kubana.

8. Badilisha kila sili na kila pete ya mpira. Zilainishe kwa mafuta ya bwati. Washa na vigoli vishikishwe kwa vaselini, ambayo huyeyuka ndani ya mafuta. Grisi ya beringi usiitumie, itaziba chujio.

9. Kila pakiti ya klachi ikifungwa, pima nafasi yake kwa fila geji, kisha uipulize kwa upepo kwenye tundu lake la mafuta. Utaisikia ikibana kwa mlio mfupi. Isipobana, ifungue sasa, si baada ya kuirudisha garini.

10. Rudisha valvu bodi kwa spana ya kupimia. Boliti zake ndogo hukazwa kwa nguvu ndogo, mara nyingi karibu Nm 10. Ukikaza kwa hisia ya mkono uliozoea boliti za lori, umepinda valvu bodi.

11. Safisha au ubadilishe mirija na kipozea cha mafuta. Masizi ya bwati iliyokufa yamo humo, yakingoja bwati mpya. Bwati za mtumba nyingi huuawa hivi.

> KOSA LINALOUA BWATI ILIYOFUFULIWA
> Konveta haikuingia hadi mwisho. Izungushe huku ukiisukuma mpaka isikike ikizama hatua kwa hatua, kisha upime kina chake na kulinganisha na kitabu. Bwati ikiegemezwa kwenye injini, konveta lazima izunguke bure kwa mkono kabla boliti za nje hazijakazwa. Ukilazimisha nyuso zikutane kwa kukaza boliti, unavunja pampu, na hutajua hadi uwashe.

Kujaza na kujaribu

Tia mafuta nusu ya unayotarajia, washa, ongeza kidogo kidogo injini ikiwaka, ukipitisha gia zote huku umekanyaga breki. Bwati zisizo na kijiti hupimwa kwa boliti ya kufurika, injini ikiwaka na mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45: yakichuruzika taratibu, funga. Zunguka mtaani kwanza, pasipo mzigo, karibu na nyumba. Bwati ikiteleza, zima na urudi. Kuendelea "ili izoee" hakuna. Baada ya kilomita 1,000 mwaga mafuta, angalia sumaku, tia mapya. Safari ya kwanza ya kwenda kufuata samaki isubiri hapo.

Mafuta machafu

Kazi hii itakuachia lita kadhaa za mafuta meusi, pamoja na mafuta ya taa uliyooshea. Usimwage mtaroni. Mitaro ya Likasi huishia mto Panda, Panda huingia Lufira, na Lufira huingia Tshangalele, ziwa ambalo tayari limebeba metali za migodi na viwanda, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameliandika. Yafunge kwenye bidoni, uandike juu yake, uipeleke kwenye gharaji kubwa inayokusanya mafuta yaliyotumika. Na bidoni hiyo usimpe mtu wa kuwekea mafuta ya kupikia.